Yatima Akishabaleghe, Nani Atamfikisha Chuo Kikuu?



Juma hili tulikuwa tumeahidi kuzungumza juu ya mtoto anayekataa kwenda madrasa. Mada hiyo tumeiahirisha, tukaipisha barua. Barua yenyewe tuliletewa kwa mkono na mama mmoja baada ya darsa ya alasiri. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama 12, wengine wauza mahamri na viazi vya karai, wengine walimu, wengine wajane wanaoishi kwa kodi ya chumba kimoja. Kwa muda wa miaka sita kina mama hawa wamekuwa wakimlipia karo msichana mmoja anayelelewa katika makao ya mayatima. Walimpokea akiwa darasa la saba. Mwaka jana alifanya mtihani wa KCSE akapata alama ya B, na sasa ameitwa chuo kikuu kusomea ualimu. Mwezi wa Agosti anatakiwa kuripoti.

Hapo ndipo kikundi kilipogawanyika. Baadhi yao wanasema kazi imekwisha: binti ametimiza miaka 18, yatima akishabaleghe si yatima tena, na makaoni wameletwa watoto wawili wadogo ambao hawana wa kuwalipia. Fedha zihamie kwao. Wengine wanasema: tukimwachilia sasa, hii miaka sita tumeijenga nyumba gani isiyoezekwa? Na jambo la tatu limeongeza uzito wa yote: msimamizi wa makao amemwambia binti, kwa upole, kwamba kitanda chake kinahitajiwa.

Mweka hazina anauliza, "Ni nani kati yetu aliye na haki?"

Sisi si mamufti, na palipo na hukumu ya sheria tutawaelekeza kwa masheikh wenu. Lakini swali hili haliwahusu kina mama 12 pekee. Linaihusu kila nyumba ya pwani yetu ambayo hutoa sadaka ya yatima, na linamhusu kila kijana aliyekulia katika nyumba isiyokuwa ya wazazi wake. Kwa hivyo tunaomba mtusikilize kwa subira.

Tuanze na hadithi inayotajwa

Wanaosema kwamba hakuna uyatima baada ya kubaleghe hawakuzua. Imepokewa na Abu Dawud, kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.), hadithi yenye maana hiyo. Lakini yafaa tujiulize ilikuja kufungua nini. Yatima katika sheria ni mtu ambaye mkono wa mwengine uko juu ya mali yake na mambo yake. Akishabaleghe, haifai walii aendelee kumshika kama mtoto na kumlia mali yake kwa kisingizio cha ulezi. Hadithi inamfungua kijana kutokana na mamlaka yetu. Wala haikusema kwamba inatufungua sisi kutokana na kumtendea wema.

Tena tuisome Qur'ani katika Surat An-Nisaa, aya ya 6. Mwenyezi Mungu anawaamrisha walii wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha, wakiona kwao uongofu wa akili, wawakabidhi mali zao. Yametajwa mambo mawili: umri, na *rushd*. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, *rushd* ni mtu kuwa mwema katika dini yake na mwenye kuiendesha vyema mali yake. Ni kweli kwamba aya inazungumzia mali, wala hatutaki kuivuta zaidi ya mahali pake. Lakini inatufundisha kwamba umri peke yake haukutosha. Mola wetu hakumwangalia yatima kwa kuhesabu miaka tu. Ameamrisha aangaliwe kama anaweza kusimama.

Na kama twataka mfano ulio wazi kuliko huo, basi tumtazame Mtume wetu (s.a.w.). Babake alifariki kabla hajazaliwa. Mamake, Bi Amina, alifariki yeye akiwa na miaka sita. Babu yake, Abdul Muttalib, akafariki akiwa na miaka minane. Ndipo alipochukuliwa na ami yake, Abu Talib, mtu aliyekuwa na watoto wengi na mali kidogo. Je, Abu Talib alimtoa nyumbani siku aliyobaleghe? Alimchukua katika msafara wa biashara kwenda Sham, akakua akiijua kazi. Alipokuwa na miaka 25 na kumuoa Bi Khadija (r.a.), ni Abu Talib aliyesimama kuhutubu katika ndoa hiyo. Na alipopewa utume akiwa na miaka 40, na Makureshi wakamgeukia, ni Abu Talib huyo huyo aliyemkinga mpaka mauti yalipomchukua. Ulezi ulioanza na mtoto wa miaka minane ulidumu zaidi ya miaka 40. Sote twajua hadithi ya vidole viwili, kwamba mlezi wa yatima atakuwa karibu na Mtume Peponi. Basi tunapoitamani daraja hiyo, tuutazame pia ulezi aliolelewa yeye mwenyewe.

Mayatima waliosomeshwa

Kina mama, hapa tuna neno lenu khasa. Imamu Shafii, ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, alikuwa yatima. Alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijria, na babake akafariki yeye akiwa mdogo. Mamake alimchukua akampeleka Makka, ili asipoteze nasaba yake wala elimu. Hakuwa na fedha za kumlipa mwalimu. Imepokewa kwamba kijana alikuwa akiandika juu ya mifupa kwa kukosa karatasi. Na alipokua, hakuambiwa kwamba sasa ni mwanamume, akatafute kazi sokoni. Alikwenda Madina kusoma kwa Imamu Malik. Lau mama yule angekomea kwenye baleghe, leo tungekuwa tukiswali kwa kufuata madhehebu ya nani?

Wala hatuhitaji kwenda mbali hadi Makka. Hapa hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa mwaka 1891, na babake, aliyekuwa mwanachuoni, alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akaendelea kusoma kwa wanazuoni wakubwa wa Unguja. Mtoto yule ndiye aliyekuja kuanzisha gazeti la *Al-Islah* mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani wasibaki nyuma kielimu, na ndiye aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937. Hakufika huko kwa kulishwa wali na kuvishwa kanzu ya Idi peke yake. Alifika kwa sababu mlezi wake aliona elimu yake ni sehemu ya malezi.

Mlango wa miaka 18

Sasa tuje kwenye hali ilivyo leo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Makao ya watoto yamewekwa kwa ajili ya watoto. Kwa hivyo kijana akitimiza umri huo, makao huona kwamba muda wake umekwisha. Hatuwalaumu wasimamizi. Vitanda ni vichache, na tangu mwaka 2017 serikali ilisimamisha kusajili makao mapya, kwa kuwa inataka watoto walelewe katika familia. Mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 umeandikwa kwa madhumuni hayo hayo. Na jambo la kutufurahisha ni kwamba sheria hiyo ya 2022 imeitambua kafala kwa jina lake: Mwislamu kumchukua na kumlea mtoto aliyekosa malezi ya wazazi, bila ya kumbadilisha nasaba. Sheria pia haikuufunga mlango moja kwa moja, kwani mahakama yaweza kuurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18 panapokuwa na sababu maalumu.

Lakini hebu tuitazame kalenda. Mtihani wa KCSE hufanywa kati ya Oktoba na Novemba. Matokeo hutangazwa takriban Januari. Vyuo vikuu hufungua Agosti au Septemba. Kati ya mtihani na chuo kuna miezi tisa au kumi. Mwana wetu wa kuzaa huipitisha vipi miezi hiyo? Yuko nyumbani. Anajifunza kompyuta, anamsaidia mamake dukani, anahifadhi juzuu mbili alizosahau, analala mchana na kugombezwa. Yatima naye, katika miezi hiyo hiyo, huambiwa ajitegemee. Anatafuta chumba cha kupanga, anatafuta kibarua, na kila siku anayokula inampeleka mbali kidogo na barua ya chuo iliyo ndani ya mkoba wake.

Tumwambie mweka hazina ukweli: ni miezi hii ndiyo inayowapoteza wengi, zaidi ya karo yenyewe. Twamjua kijana mmoja aliyepata alama za kumtosha kusomea uhandisi. Alitoka makaoni mwezi wa Desemba. Barua ilipokuja, alikuwa mji mwengine akibeba mizigo, na simu yake alikwisha kuiuza. Hakuna aliyemfukuza, wala aliyemdhulumu kwa makusudi. Ila hapakuwa na mtu mmoja duniani ambaye kazi yake ilikuwa kumtafuta.

Kwa hivyo la kwanza tunaloomba ni kitanda, wala si fedha. Kitanda cha miezi tisa, katika nyumba yenye mtu wa kuuliza, "Leo umekula? Ile barua umeijibu?"

Mfuko wa karatasi

La pili ni jambo dogo kwa macho, lakini limewazuia wengi: karatasi. Mwanafunzi hawezi kuomba ruzuku wala mkopo wa serikali, wala kusajiliwa vyema chuoni, bila ya vyeti vyake. Cheti cha kuzaliwa. Kitambulisho, ambacho hupatikana akishatimiza miaka 18, na ambacho kwa kawaida huombwa kwa kuonyesha karatasi za wazazi. Na yatima hutakiwa athibitishe uyatima wake kwa vyeti vya vifo vya wazazi.

Hapa tuna la kujilaumu sisi wenyewe. Waislamu huharakisha maziko, na hivyo ndivyo tulivyofunzwa. Lakini tukisharudi makaburini, wangapi kati yetu huenda kuandikisha kifo? Arubaini hupita, eda hwisha, na cheti hakijachukuliwa. Miaka 12 baadaye mtoto anaulizwa karatasi ya kuthibitisha kwamba babake amekufa, naye hana ila kaburi lisilo na jina. Basi mwenye kufiwa na aandikishe. Ni katika haki za yatima ambazo gharama yake ni safari ya siku moja.

Kwa aliye makaoni, kazi hii ianze akiwa kidato cha pili au cha tatu, si baada ya matokeo. Mmoja katika kikundi awe ndiye mwenye mfuko wa karatasi. Aende na kijana kwa chifu, kwa afisa wa watoto wa eneo lake, na kwenye ofisi ya usajili. Aweke ndani ya mfuko huo cheti cha kuzaliwa, vyeti vya vifo au barua ya makao kama wazazi hawajulikani, hati ya mahakama iliyompeleka makaoni, vyeti vya shule na picha. Kila karatasi itolewe nakala tatu. Na kijana mwenyewe akabidhiwe za asili siku atakayoondoka, kwani ni mali yake.

Kuchagua kozi, na njia zisizo za chuo kikuu

Mtoto wa nyumbani huwa na ami aliyesoma, au jirani anayefanya kazi bandarini, wa kumwambia kozi gani ina faida. Yatima hana baraza hilo. Anapofika wakati wa kuchagua kupitia KUCCPS, mara nyingi huchagua jina lililomsikika vizuri. Mwalimu mmoja katika kikundi akikaa naye jioni mbili, atakuwa amempa kitu ambacho fedha hazikinunui.

Na tusidhani kwamba aliyekosa C+ ya kuingilia chuo kikuu amekosa kila kitu. Mwenye C- anaweza kusomea diploma, na mwenye D anaweza kusomea cheti cha ufundi, na KUCCPS hupanga nafasi za vyuo vya kiufundi pia. Fundi wa umeme wa meli au mpishi aliyehitimu hali chakula cha kuomba. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, tunachopita mbele yake kila siku, chenyewe kilianza kuwa ni chuo cha ufundi cha Waislamu. Kiliasisiwa mwaka 1948 kwa jina la Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, na mwaka 1951 kikapokea wanafunzi wa kwanza. Miongoni mwa waliokichangia walikuwa Sultani wa Zanzibar, Agha Khan na jamii ya Mabohora. Babu zetu walielewa kwamba sadaka ya elimu haikomei kwenye juzuu amma wala kwenye darasa la nane.

Fedha, na suala la riba

Sasa tuje kwenye mfuko wa kikundi. Tangu mwaka 2023 serikali imeanza mfumo mpya wa kuwafadhili wanafunzi wa vyuo vikuu, wenye sehemu tatu: ruzuku, mkopo, na mchango wa familia. Mfumo huu umefikishwa mahakamani na umekuwa ukirekebishwa, kwa hivyo viwango viulizwe mwaka ule ule mwanafunzi anapoingia. Lakini lizingatieni lile neno la tatu. Mchango wa familia, kwa mtu asiyekuwa na familia, ni nani atautoa? Hapo ndipo mahali pa kikundi chenu.

Ruzuku haina marejesho, na yatima ni katika wanaopaswa kuiomba mwanzo. Mkopo wa HELB, kwa upande wake, hurudishwa pamoja na ziada juu yake, na familia nyingi zetu huuogopa kwa sababu ya riba. Mwenye baba humwambia babake auze shamba la minazi. Yatima hana wa kumwambia hivyo. Hubaki kati ya dini yake na elimu yake. Hili tusimwachie kijana wa miaka 18 alitatue peke yake usiku wa manane. Aketi na sheikh anayemwamini kabla ya kutia saini. Na jamii inayomwambia asichukue mkopo, basi na imwonyeshe njia nyengine.

Njia zenyewe zipo. Ziko basari za kaunti na za maeneobunge, ingawa nazo huhitaji barua na saini, na kijana wa makao hukosa kwa kuwa hajulikani ni wa wadi gani. Iko zaka. Wanazuoni wa madhehebu yetu, na Imamu Nawawi miongoni mwao, wametaja kwamba anayeshughulika na elimu ya dini hata akashindwa kuchuma anaweza kupewa zaka, na wapo wanazuoni wa zama zetu walioipanua hukumu hiyo kwa elimu nyengine zinazohitajiwa na umma. Muulizeni sheikh wenu. Na yatima wetu huyu, aliye na sanduku moja na asiye na chumba, hahitaji jina la uyatima ili aingie katika mafungu ya zaka. Ufakiri na umaskini vyatosha, na mafungu hayo hayana umri.

Pia iko wakfu. Hapa pwani kuna nyumba na mashamba mangapi yaliyowekwa wakfu kwa misikiti, nayo ni kheri kubwa. Mwenye uwezo leo wa kuweka duka moja wakfu ili kodi yake imsomeshe kijana mmoja baada ya mwengine, atakuwa ameacha sadaka inayoendelea baada yake.

Binti na stara

Katika kikundi chenu kuna aliyesema, kwa nia njema, kwamba dawa ni binti aolewe. Twalijibu hili kwa heshima. Ndoa ni sunna, na binti akipata mume mwema naye mwenyewe akaridhia, tutakuja kula biriani. Lakini ndoa isifanywe kuwa ni mahali pa kumweka kwa kuwa kitanda kinahitajiwa. Binti asiyekuwa na pa kurudi huvumilia hata yasiyovumilika. Elimu yake ni pahali pake pa kurudi. Na akiolewa, yawe ni masharti yaliyotamkwa mbele ya walii wake kwamba ataendelea kusoma.

Wengine wanaogopa kumweka nyumbani kwa sababu ya stara, na khofu hiyo ni ya haki. Kafala haimfanyi mtoto kuwa maharimu. Surat Al-Ahzab, aya ya 5, imetuamrisha tuwaite watoto kwa baba zao. Binti aliyebaleghe, katika nyumba yenye mume na wavulana wakubwa, atahitaji buibui lake na mlango wake. Basi tusimlazimishe kila mtu kumchukua. Tumtafutie nyumba inayomfaa: kwa mjane, kwa nyanya anayeishi na wajukuu wa kike, kwa mwalimu wa madrasa mwenye mabinti. Kuna vyumba vingapi katika mitaa yetu ambamo bibi mmoja hulala peke yake, akitamani mtu wa kumsomea Yasin na kumtia dawa ya macho?

Tena kuna likizo. Mabweni ya chuo hufungwa, wenzake wakarudi makwao, naye ashike basi la kwenda wapi? Huko Uingereza sheria inaitaka halmashauri iliyomlea kijana impe pauni 2,000 akiingia chuo kikuu, imwekee mshauri hadi miaka 25, na imtafutie mahali pa kukaa wakati wa likizo. Wamejua kwamba mwanafunzi huweza kupotea likizoni ingawa karo imelipwa. Sisi tusingoje sheria. Idi isimkute binti yetu bwenini, akipika uji wa mtu mmoja.

Jawabu letu kwa kina mama 12

Tumefika mwisho, na swali lilikuwa: ni nani mwenye haki? Wanaowatetea wale wawili wadogo wana haki, kwani mtoto mdogo hana uwezo wa kungoja. Wanaomtetea binti wana haki, kwani kazi iliyobakia ni ndogo kuliko iliyokwisha kufanywa. Kosa lipo katika kudhani kwamba lazima mmoja asukumwe ndipo mwengine akae.

Basi twashauri hivi. Mchango wa kila mwezi uhamishiwe kwa wale wadogo wawili, kama wanavyotaka walio wengi. Kwa binti, msimlipie tena kila kitu, kwani sasa kuna milango mengine iliyo wazi kwake. Chukueni mambo manne. Kwanza, mjane mmoja kati yenu ampe chumba kuanzia sasa mpaka Agosti, na kila likizo baada yake. Pili, mwalimu mmoja ashike mfuko wa karatasi, na maombi ya ruzuku na basari yatumwe kabla ya muda kwisha. Tatu, mfanyeni mchango mmoja wa mwaka, tuseme katika Ramadhani, kwa ile sehemu inayoitwa ya familia, na mwende kwa wafanyabiashara wa mtaa wenu na zaka zao. Nne, siku ya kuripoti, wawili wenu wapande naye gari. Mnunulieni blanketi, ndoo, beseni, sufuria, taa ya kusomea na msala. Akiulizwa dirishani, "Mzazi wako ni nani?" pawe na mtu wa kuitika.

Na mkimpa, msimhesabie. Surat Al-Baqara, aya ya 264, imetuonya tusiziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Msimpige picha akipokea ndoo. Msimwambie kila akikosea, "Baada ya yote tuliyokufanyia." Mwana wenu wa kuzaa hukosea, hufeli somo, hubadilisha kozi, na bado ni mwana wenu. Mruhusuni naye haki hiyo ya kukosea na kusamehewa. Akihitimu, hatudai kwenu alipe. Ila tuna yakini kwamba siku moja atakuwa mwalimu, na katika darasa lake atakuwapo mtoto aliyekaa nyuma asiye na kalamu, naye atamjua kabla hajasema.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awakubalie kina mama hawa 12 miaka yao sita, awafungulie na minne iliyobakia, na amjaalie kila yatima wetu mlango usiofungwa usoni pake. Amin.

Juma lijalo, inshaallah, tutarejea kwenye mada yetu ya mtoto anayekataa kwenda madrasa. Wassalaamu alaykum.